Benki Nisiyokuwa na Akaunti Iliponiandikia

Akina mama wa chama, na wazee wawili mliojificha kule nyuma, nimesimama niseme kilichonipata. Jina la mtu sitaji, ingawa mwenyewe ameketi hapa na tayari anacheka.

Mnajua nilisoma shule ya jioni, nikapata cheti ambacho soko lote la Otonglo lilikiona, hata wasiotaka. Lakini jirani yangu wa meza ya samaki pale sokoni, ambaye darasa la nane hakumaliza, ndiye aliyeandikiwa barua pepe na benki kubwa ya mjini, mpaka wakampa mkopo wa friza ya samaki. Simu yake ikilia, mimi roho inaungua kuliko mafuta ya kukaangia. Nilikonda mpaka leso ikawa inanizunguka mara tatu.

Asubuhi moja ikalia yangu. "Mteja mpendwa, akaunti yako itafungwa leo usipothibitisha." Juu yake nembo ya benki ile ile. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuogopa. Nilifurahi. Nikabonyeza kiungo chao, ikafunguka fomu inayouliza benki ninayotumia, namba ya akaunti na nywila. Nikajaza yote, nikatuma, kisha nikamsomea jirani kwa sauti ya kufika hadi mtaa wa Mamboleo.

Akaweka kisu chini.

"Mama, wewe una akaunti huko?"

"Sina. Labda wamenifungulia."

"Bila kitambulisho? Lete simu. Mimi wananiita kwa jina, si mteja mpendwa. Na hii anwani waliyotumia si ya benki. Nywila hawajaniuliza hata siku moja."

"Unanionea wivu tu."

"Nikuonee wivu kwa kuibiwa? Panda pikipiki."

Aliacha samaki wake juani, tukabanana pikipiki moja hadi benki yangu, ile ndogo. Karani akafunga akaunti pale pale, akasema kuna mtu amejaribu kuingia mara mbili. Humo ndimo ilimokuwa karo yote ya binti yangu. Nililia, karani akaniletea kiti.

Jirani, ero kamano, asante sana. Na karani pia, Mungu amzidishie. Wenzangu, benki ikikutisha kwenye simu, usibonyeze. Nenda ukaulize kwa miguu yako. Mwizi hakunishinda akili. Alinikuta nikitamani cha mwenzangu, akaniuzia.

Wivu bado ninao, siwadanganyi. Lakini barua ikija siku hizi, namwita jirani kwanza aisome, halafu ndipo namwonea wivu.