Mzee Msasa na Mlango Uliokataa Rangi

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliokosa viti mkaegemea ukuta, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma haya, kwa kuwa ndiye mwenye sauti isiyohitaji kipaza, na mengi aliyaona kwa macho yake mwenyewe, anayebisha amsubiri baada ya maziko.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Msasa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, na mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu ana viganja vya mtu mzima, jambo lililothibitika baadaye, maana ukimpa mkono ulikuwa unaomba urudishiwe. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959, akaishia darasa la saba kwa sababu hesabu zilimkataa naye akazikataa, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na tarehe 2 Januari 1970 akaajiriwa katika karakana ya samani, akalainisha mbao mpaka nzi wakawa wanateleza, ndiyo asili ya jina lake, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, vidole vyote kumi vikiwa mahali pake.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa pacha wa kike na mvulana mmoja, na siku ya harusi alimwahidi Mama Pacha kwamba atamrudisha kwao milimani kwa gari lake mwenyewe, kupitia ile njia ya mawe inayovunja hata roho za malori.

Ndipo mwaka 2012 akalivuta nyumbani gari kuukuu la porini, lililokuwa limelala nyuma ya ghala hadi magugu yakachomoza sakafuni na kuku wakatagia kiti cha nyuma, akalikwangua kutu, akaziba matundu, lakini mazoea yana taabu, kabla ya kupaka rangi akalisugua lote kwa nta ya samani ili ling'ae, na ile rangi ya kijani ilipotua juu ya nta ikajikunja, ikafunguka vitundu vya duara, gari zima likaota macho, mpaka jirani yetu mpiga rangi akashika mbavu, "Mzee, hili si kabati!", akamwonyesha namna ya kulikwangua hadi bati, kuliosha kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kuanza upya.

Safari hii rangi ilishika kila mahali, isipokuwa mlango wa abiria, ambako chini ya dirisha palibaki kiganja kisichoshika rangi, vidole vitano vimenyooka juu, kama cha mtu anayemuaga aliyekaa ndani. Wakailaumu nta, wakakwangua, wakaosha, wakapaka, kiganja kikarudi palepale, wakang'oa mlango na kufunga mwingine uliotoka gari jingine bovu, kiganja kikatokea na huko, na fundi wetu akakusanya vyombo vyake, hakukanyaga tena ua ule hadi leo, karibu sana fundi.

Familia nzima ilipima mikono pale, kiganja kikawapwaya wote, na mkono wa marehemu ukakifunika chote na kuzidi, asiyepima ni mdogo wake tu, ambaye amewahi kumkamata chatu kwa mkia, lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Mama Pacha akasema, "Baba Pacha, humo siingii, hata uniwekee godoro," naye akamjibu, "Mama Pacha, ni kiganja tu, hakina hata bega," lakini hakubembelezeka, na gari likakaa uani miaka kumi, zima kabisa, bila safari.

Mwezi Mei 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akakonda, pete ikaanza kumvuka, na asubuhi moja Mama Pacha alipomtoa kuota jua, akayumba, akajishika kwenye mlango ule, na mkono ukaingia katika kiganja, kidole kwa kidole, haikubaki nafasi hata ya uzi. Akacheka, "Kumbe nilikuwa najisubiri mwenyewe," naye Mama Pacha akauvuta mkono wa mumewe, akaligusa bati, akalikuta la moto, ingawa upande ule ulikuwa bado kivulini.

Alifariki dunia tarehe 9 Februari 2024, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana wanaukoo tulikaa tukaamua gari liuzwe haraka, Mama Pacha akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji zangu, nilikuwa naogopa mkono wa mtu nisiyemjua," akaenda, akafungua mlango wa abiria, akakaa. Gari haliuzwi, litamfuata marehemu hadi makaburini, kisha litapanda milimani, pacha mmoja akiendesha, na mama yao atakuwa pale pale, dirisha likiwa wazi. Tunawaomba sana, atakayepita karibu asiuguse mlango ule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala macho nasi, na wenzake wa karakana waliolichonga jeneza hili na kulilainisha kama ambavyo angelilainisha mwenyewe.

Kaka, kazi umeimaliza, mke wako amekaa kitini, pumzika kwa amani.