Prezida Aliyebeba Upande wa Miguu

Padre wetu, wazee wa Runingu, ninyi mliotoka Luvungi na Uvira, na ninyi ndugu wa Chama cha Ngobyi, mimi ni Protais, mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma huku nikiangalia mabega ya hawa wanne waliosimama mbele yenu na jeneza juu yao, kwa sababu tumekubaliana na chama kwamba kaka yangu asishushwe mpaka historia yake iishe. Wabebaji wapokezane bila haya, nami sitarefusha.

Libérat Nkeshimana alizaliwa hapa Runingu tarehe 12 Machi 1919, mtoto wa kwanza wa Mzee Barakamfitiye na Mama Inamahoro, wote wawili wakulima wa uwanda huu wa Ruzizi, na akabatizwa mwaka 1931 huko Uvira, ambako alisoma shule ya mapadre kuanzia 1929 hadi 1935, akilala kwa shangazi yetu mtaa wa Rugenge, na huko alijifunza Kifaransa, hesabu, na kupiga pasi kaputula hata kama haina haja ya kupigwa pasi.

Mwaka 1937 aliajiriwa Luvungi kuwa karani wa mizani kwenye soko la pamba, akapanda hadi kuwa mkubwa wa makarani, mwenye filimbi shingoni, na ninyi wakulima mnakumbuka kwamba ilipolia filimbi hiyo mstari ulinyooka, ilipolia tena magunia yalishushwa, na hakuna aliyebisha. Tarehe 20 Juni 1942 alifunga ndoa na Generose, binti wa Luvungi, mke aliyemjua kuliko sisi sote, na Mungu akawapa watoto wanne, Marie-Rose, Donatien, Claire na Rémy, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwanzoni mwa mwaka 1953 aliacha kazi ya pamba, akarudi Runingu kulima, na tarehe 8 Februari wanachama wakamchagua kuwa prezida wa Chama cha Ngobyi, chama cha Barundi na Bafuliiru wa hapa ambao wamekubaliana kuwabeba wagonjwa wa kila nyumba hadi hospitali ya Uvira bila malipo. Walimchagua kwa sababu alisoma, na yeye alikubali kwa furaha, nami nasema ukweli, kaka yangu alifikiri amepewa soko lingine la pamba.

Ngobyi yetu, machela hii ya mianzi ya kusukwa, ina sheria moja ambayo hata watoto wanaijua, kwamba mgonjwa akishalazwa ndani haigusi ardhi mpaka mlango wa hospitali, watu wanapokezana mabega huku wanatembea, na ikiwekwa chini njiani, aliye ndani amekufa. Libérat aliijua vizuri, ila aliiona ya zamani na yenye kuchosha watu bure, akapanga kwamba wabebaji watakwenda kwa mstari, yeye akiwa mbele na fimbo, na kila kituo atapiga filimbi, ngobyi ishushwe, watu wapumzike, wabadilishwe kwa majina.

Safari yake ya kwanza ilikuwa mwezi wa Machi, mgonjwa akiwa Mathieu, kijana wa Kifuliiru aliyeshikwa na homa kali, na walipofika penye kivuli prezida alipiga filimbi na kusema, "Mushushe chini," na wabebaji, kwa mazoea yale ya pamba, wakashusha. Mama Pétronille, mama wa Mathieu, aliyekuwa anafuata nyuma na chungu kichwani, alipoona ngobyi iko mavumbini alitupa chungu akaanguka kwa kilio, wanawake waliokuwa mashambani wakaitikia, kilio kikatembea shamba kwa shamba mpaka hapa kijijini, watu wakaanza kuleta kuni za matanga, na huko njiani Mathieu akajiinua ndani ya blanketi, macho mekundu, akasema, "Minye niko muzima, muninyanyue."

Walimnyanyua, akafika, akapona, lakini chama ndicho kilichobaki kikiumwa. Kuanzia siku ile prezida alipopeleka habari kwamba kuna mgonjwa, mmoja alikuwa anaumwa mguu, mwingine ana harusi, na André, mkulima wa Kifuliiru mwenye shamba kando ya barabara, alimwambia waziwazi, "Weye uko kapita, hauko prezida, kapita anatembea mbele ya vibarua, ngobyi inataka mabega." Wazee wakaanza kusema Bafuliiru watengeneze ngobyi yao na Barundi wabaki na hii, na kama ingekuwa hivyo, wagonjwa wengi tuliowafikisha Uvira tangu wakati ule tungekuwa tumewazika hapa.

Mwezi wa Mei mke wa Mzee Sylvestre, jirani yetu Louise, alishindwa kujifungua, Libérat akapita nyumba kwa nyumba asipate mtu ila mimi, na kwa kuwa watu wawili hatuwezi kubeba ngobyi ya watu wanne, tulifunga blanketi kwenye mwanzi mmoja tukamlaza Louise ndani, na kaka yangu akaniambia nishike mbele, yeye akaenda nyuma, upande wa miguu, mahali ambapo mtu haoni njia, anaona mgongo wa mwenzake tu, na bila filimbi, bila fimbo, viatu vyake ameviacha kwa Generose, tukaenda. Nilimsikia akihema, nikamwuliza kama tupumzike, akasema, "Tusimushushe, Protais, hata tukianguka tuanguke naye juu yetu."

Tulipopita kwenye shamba la André, yeye alikuwa analima, alituangalia tukipita, akaendelea kulima kidogo, kisha akaweka jembe chini, akaja akatia bega lake chini ya mwanzi, akanisukuma pembeni, akasema bila kugeuka, "Prezida, filimbi yako iko wapi?" na Libérat akamjibu, "Iko Luvungi, inapima pamba." André alicheka, na mimi nilipoona amecheka nililia, sioni aibu kusema, kisha akaita wenzake waliokuwa mashambani, Bafuliiru na Barundi, na kabla ya mto Kavimvira tulikuwa wengi kuliko wanaohitajika. Louise alijifungua siku ile ile, mtoto anaitwa Libérat, na ndiye huyo anayevuta sketi ya mama yake pale.

Tangu hapo kaka yangu hakutembea tena mbele ya mgonjwa, sauti ya filimbi haikusikika tena hapa, hakuna aliyesema tena habari ya ngobyi mbili, na mwaka 1955 chama kilipanga nyumba kule Rugenge ili wanaowauguza wagonjwa wapate mahali pa kulala na kupika. Ukarani wote ule haukumfanya mkubwa, bega moja ndilo lililomfanya, nami najivunia kwamba nililiona.

Mwezi wa Julai mwaka huu wa 1958 alianza kuumwa kifua, tarehe 2 Agosti chama kilimbeba hadi Uvira, naye njia nzima akiwa ndani ya ngobyi aliwakumbusha kupokezana, mpaka André akamwambia mgonjwa hana neno kwenye mkutano, na jana, tarehe 9 Septemba 1958, asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, ameshika mkono wa Generose.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa Uvira, majirani wa Runingu na wa Rugenge, makarani wenzake wa Luvungi waliotuletea lori, nasi tukalikataa kwa heshima, na wote waliombeba tangu jana kutoka Uvira mpaka kwenye kiwanja hiki bila kumgusisha ardhi.

Mathieu, wewe uliyeshushwa siku isiyo yako, chama kimekuchagua kushika nafasi yake, na nimeona asubuhi hii yote ukibeba upande wa miguu bila kuambiwa na mtu, basi sina wasiwasi juu ya chama hiki. Kaka yangu, umefika, pumzika kwa amani, mabega yetu sasa yatawabeba wengine. Na sasa, Mathieu, neno ni lako, waambie: mushushe chini, pole pole.