Mluzi wa Radio Mbili

Pale Nyalukemba, mjini Bukavu, barabara inapoanza kuteremka kwenda ziwani, palikuwa na benchi la kanisa. Parokia ilipopata mabenchi mapya, hili kuukuu lilitupwa nje, na wanaume wa kona wakalibeba mabegani hadi kwenye ukuta wa maman Agathe, muuza kahawa. Ubao wake wa kupigia magoti ulikuwa bado mzima, ila tangu lifike pale hakuna aliyepiga goti, uliwekewa vikombe. Enzi hizo za Zaïre kila citoyen, yaani raia, alitakiwa aitwe kwa jina la mababu, ofisini, shuleni na kwenye radio. Majina ya ubatizo yalibaki nyumbani, na kwenye benchi yaliongezewa ya utani. Alphonse aliitwa Satellite, maana alikuwa na radio kubwa kuliko zote na habari kubwa kuliko radio yenyewe. Honoré aliitwa Ingénieur, kwa kuwa aliwahi kuichungulia shule ya ufundi, sijui kupitia mlangoni au dirishani. Donatien, karani mpole wa ofisi moja kule Ibanda, walikitia chumvi kabisa kidonda chake: walimwita Maestro. Kwaya ya parokia ilikuwa imemwomba kwa heshima zote asiimbe tena, hata kwa sauti ya chini.

Jumamosi hiyo ya kiangazi Donatien alifika na radio ya nyumbani mkononi na kinasa sauti cha kaseti kwapani, moyo ukiwa juu juu. Binti yake Adélaïde alikuwa amefanya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na majina ya waliofaulu yangesomwa kwenye radio jioni hiyo. Tangu asubuhi Donatien alizunguka sebuleni akigonga meza na kugongwa na viti, mpaka mkewe Clémence akachoka. “Toka, kaa na wenzako,” alimwambia, “lakini hiyo radio irudi hapa mbele ya majina kusomwa. Tuko na moja tu.” Donatien aliapa.

— Majina banasoma saa ngapi? — aliuliza hata kabla hajakaa.

— Saa kumi, — alijibu Alphonse. — Tangazo nilisikia na hizi masikio.

— Saa kumi ya Kinshasa ao ya huku?

— Eh, Maestro! Radio ikisema saa kumi, Bukavu iko saa kumi na moja. Hata kuku wa maman Agathe banajua ile.

Na kweli kuku walijua. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na mtu wa Bukavu hukua akiongeza saa kwenye kila linalotoka radioni, sawasawa na anavyoongeza sukari kwenye kahawa. Ilikuwa karibu saa kumi ya Bukavu, Donatien akaona ana saa nzima. Akashusha pumzi, akatandaza vyombo vyake kwenye benchi.

— Na ile mashini ya kaseti ni ya nini? — aliuliza Honoré.

Donatien aliona haya kidogo, lakini furaha ilimzidi.

— Ninaanza muziki.

Maman Agathe alisimamisha chupa ya kahawa hewani.

— Papa Donatien, na koo gani?

— Haiombi koo, maman! Ni muziki ya umeme. Ile banapiga Ulaya, ya mashini tupu, inalia piii, inashuka wuuu. Bale batu iko na vinanda bei kama nyumba. Miye niko na radio. Juma ile, radio yangu ilikaa pembeni ya radio ya Alphonse, si munakumbuka? Zilipiga mluzi.

— Ulituharibia mupira, — alisema Alphonse.

— Nilikuharibia mupira, lakini nilipata kinanda. Nipe radio yako.

Alphonse aliikumbatia radio yake. Hakuwahi kumwachia mtu, hata mke wake aliisikilizia kwa mbali. Lakini Agathe alimtazama, Honoré alimtazama, na mtu haheshimiki kijiweni akiogopa mluzi. Akaiweka benchini polepole.

— Majiwe iko na nguvu mupya, — alionya. — Nimezianika juu ya bati tangu asubuhi.

Majiwe ni betri, na zilizochoka Bukavu nzima inazianika juani ili zipate nguvu. Alphonse alikuwa na imani yake juu ya hilo.

— Jua ya upande wa ziwa njo muzuri, — alieleza. — Inapita juu ya maji, inakuwa laini. Ukianika upande wa mulima, radio inakoroma.

Donatien aliiwasha radio ya Alphonse kwenye stesheni ya palepale Bukavu, ambako mtu mmoja alikuwa akisoma tangazo refu kwa Kifaransa. Kisha akaisogeza radio yake karibu, akazima sauti yake, akaanza kuzungusha kitufe chake kidogo kidogo. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu ndani ya radio kubwa, juu ya sauti ya yule mtu, ukatoka mluzi mwembamba. Akizungusha huku ulipanda, akizungusha kule ulishuka hadi ukanguruma. Akinyoosha kiganja karibu na antena, ulitetemeka.

— Nyamuzinda wangu! — Agathe alimwita Mungu, akashika kifua.

Donatien alibonyeza kinasa sauti, kaseti ikaanza kuzunguka. Akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake sauti kwenda pale alipoitaka iende.

— Miye nitawaeleza ile kitu, — alisema Honoré, akikunja mguu. — Radio iko ya aina mbili. Kuko dume, kuko jike. Ya Alphonse ni dume, angalia mabega. Ya Maestro ni jike. Ukiziweka pamoja, jike inaanza kulalamika.

— Ingénieur, basi radio mbili za dume? — aliuliza Alphonse.

— Zitapigana. Fil zote za ndani, nyaya zote, zitaungua.

— Weye unadanganya. Ile mluzi inatoka kwa satellite. Inaona radio mbili fasi moja, inashindwa kujua itupe habari wapi, njo inalia.

— Basi mbona mutu anasema chini yake, tena bila kupumua?

— Ile njo besi, — alisema Donatien, bila kuinua macho. — Kila muziki inaomba besi. Mumuache papa wa watu aseme.

Yule papa wa watu aliendelea kusema. Mluzi ulipanda na kushuka juu yake, na Donatien alikuwa keshapata mtindo: anapanda mara mbili, anashuka mara moja, anatetemesha. Kutoka mtaa wa chini vilisikika vigelegele.

— Harusi, — alisema Agathe.

— Kiangazi hii batu banaoana sana, — alikubali Alphonse.

— Sasa inabaki ngoma, — alisema Honoré. — Miye niko na mupango. Munajua ile pi-pi-pi ya radio kila saa ikifika? Ile njo ngoma ya umeme, tena ya bure. Tunakamata pi-pi-pi ya leo, ya kesho, ya kesho kutwa. Mwaka ukiisha, tuko na ngoma ya wimbo moja.

— Mwaka muzima kwa wimbo moja? — alishangaa Alphonse.

— Ulaya banafanya vile! Unafikiri kwa nini iko bei? Halafu tunapeleka kaseti Shabunda. Bale bachimba dhahabu iko mu pori, hawana dansi. Banasikia mluzi, banafikiri ni dhahabu inaita chini ya udongo. Banachimba fasi mupya. Banapata. Banatutafuta hapa kwa benchi, banatuuliza tunataka nini.

— Miye nitaomba radio ya jike, — alisema Alphonse.

Walicheka hadi benchi likalia. Vigelegele vingine vilitoka upande wa pili wa mtaa, wakaona ni harusi ya pili. Donatien jasho lilimtoka, kidole kikaanza kuteleza kwenye kitufe.

— Papa Donatien, pumzika, — Agathe alimnyooshea kikombe. — Hii njo ya mwisho, kahawa imeisha.

Donatien aliinua radio yake, akaipakata magotini, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Mluzi ukakatika. Radio ya Alphonse ikabaki inasema peke yake, safi kabisa.

— Munaona? — Honoré alidakia kwa sauti kubwa. — Jike imetoka, dume anaanza kusema peke yake kama mujane!

Wakacheka tena. Donatien alikunywa, akarudisha kikombe kwenye ubao wa magoti, akarudisha radio yake mahali pake, na mluzi ukaendelea.

Aliyewakatiza alikuwa Adélaïde. Alikuja mbio, viatu mkononi. Njiani alikuwa amepishana na mwanafunzi mwenzake aliyepakwa poda nyeupe kichwani mpaka mabegani, akibebwa na kaka zake, na hakuna mtu anayemwagiwa poda hivyo kama hajafaulu. Alisimama mbele ya benchi akihema, akawaamkia wazee kwa magoti kidogo kama alivyofundishwa, kisha akauliza kitu kimoja tu.

— Papa, jina yangu imesomwa?

Alphonse alimtazama Honoré. Honoré alitazama ziwani. Agathe alitazama ndani ya chupa yake tupu. Donatien aliondoa radio yake haraka, na kwenye radio kubwa yule papa wa watu alikuwa akiwatakia wasikilizaji jioni njema. Ikapigwa rumba.

— Stesheni ya hapa, — alisema Alphonse kwa sauti ndogo. — Tangazo nilisikia kwa stesheni ya hapa. Saa kumi yao ni saa kumi yetu.

Vile vigelegele vyote vilivyokuwa harusi vilimrudia Donatien kichwani kimoja kimoja. Miaka yote ile ya karo na viatu, ya mtoto kusoma chini ya taa ya mafuta umeme ukikatika, na siku yenyewe baba amelifanya jina lake besi. Aliumia sana, na ilionekana usoni.

— Mutoto wangu, — alisema, — radio nilikuwa nayo hapa. Nilikuwa naicheza.

Adélaïde hakuelewa. Akaangalia radio mbili, akaangalia kinasa sauti.

— Na ile kaseti inazunguka ya nini?

Walirukia kile chombo wote watatu, wakagongana vichwa. Donatien alirudisha kaseti nyuma, akabonyeza. Kikatoa sauti ya mtu anayeamshwa usingizini, nzito, ya kuvuta, kisha kikanyamaza. Betri zilikuwa zimekufa, na zile za radio ya Donatien zilikuwa ndogo mno kwa chombo hicho. Hapo Alphonse, bila kuombwa na mtu, aliigeuza radio yake, akafungua mgongo wake na kuzitoa zile betri za jua la upande wa ziwa, moja baada ya nyingine, akazipanga mwenyewe ndani ya kinasa sauti.

Mluzi ukapanda, ukapanda tena, ukashuka. Walipiga magoti kwenye ubao wa kanisa, kwa mara ya kwanza tangu ufike kona ile, masikio kwenye spika. Chini ya mluzi walisikia jina la lise, shule ya Adélaïde, kisha majina yanayotokeza nusu na kuzama. Juu yake walijisikia wenyewe: harusi, pi-pi-pi, dhahabu ya Shabunda.

— Honoré, unasema sana, — alinong’ona Agathe.

— Sikujua niko kwa wimbo!

Kwenye kaseti Agathe alisema kahawa imeisha. Mluzi ukakatika. Na yule papa wa watu, kwa sauti ya utulivu, akasema: “Nsimire Namegabe, soixante-deux pour cent,” asilimia sitini na mbili. Hapohapo Honoré wa kwenye kaseti akadakia habari za dume na mujane, wakacheka wote.

Benchini hakuna aliyecheka. Alphonse na Honoré walisubiri bado, wakitafuta Adélaïde.

— Nsimire ni nani? — aliuliza Alphonse.

Donatien alikuwa keshasimama, machozi yanamtoka hadharani bila aibu yoyote.

— Ni huyu! Jina ya Serikali! Ni huyu mutoto!

Agathe alipiga kigelegele kilichofika ziwani. Poda hakuwa nayo, ila alikuwa na unga wa mandazi, na aliuchota kwa bakuli akamwagia Adélaïde kichwani, akachota tena akamwagia Donatien, na uliobaki ukawafikia Ingénieur na Satellite, aliyesahau kabisa kwamba radio yake imelala tumbo wazi. Adélaïde alicheka na kupiga chafya.

— Papa, rudisha, — alisema. — Rudisha tena.

Wakarudisha. Mara ya tatu Honoré alianza kugonga ubao wa magoti kwa vijiko, akikiri kwamba mwaka mzima ni mrefu. Adélaïde akaanza kucheza, anainuka na mluzi, anashuka nao, na kila jina lake lilipofika watu wa kona walilipokea kwa kelele. Wapita njia walisimama. Wengine waliingia kucheza.

Clémence alipotokea, kanga imefungwa ya vita, alikuwa amejiandaa kusema mengi kuhusu radio moja ya nyumbani. Alimwona binti yake mweupe kichwani. Akaelewa, akamkumbatia mpaka naye akawa mweupe. Kisha akatega sikio, huku bega limeshaanza kutikisika lenyewe.

— Na hii muziki, — aliuliza, — nani anaipiga?

Alphonse alifungua mdomo, na Honoré pia alikuwa na lake, lakini Adélaïde aliwawahi.

— Ni papa, — alisema.

Clémence alimtazama mume wake, aliyekuwa amejaa unga hadi kwenye nyusi.

— Basi ongeza sauti, — alisema.

Donatien akaongeza.