Mwalimu Nzisa na Msichana Aliyekataa

Wasikilizaji wapendwa, leo sogezeni redio karibu kidogo. Tunamkumbuka Mwalimu Nzisa Mutunga. Alifundisha miaka thelathini na mmoja, kwanza Mwingi, kisha Mbooni. Alifariki Jumanne. Ndiyo, Mwalimu Nzisa ametutoka.

Wengi wenu mnamjua yule wa Mbooni, aliyepelekewa watoto walioshindikana. Mtoto akigoma, Mwalimu hakumfokea mbele ya wenzake. Aliinama kando ya dawati na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Utaanza na hesabu ama na ramani?" Kisha akaenda zake. Baada ya dakika tano alirudi. Mtoto akigoma tena, alirudi tena. Walimu wenzake walimcheka, eti anawadekeza. Lakini vitabu vilifunguliwa.

Hakuanza hivyo, jamani. Kule Mwingi alikuwa mkali kama pilipili. Wanafunzi walibeba maji ya shule kutoka nyumbani, kila mmoja lita tano. Kasiva, msichana wa darasa la sita, akaja siku tatu mikono mitupu. Mwalimu akamsimamisha paredi.

"Omba msamaha, shule yote isikie!"

Kasiva akamkazia macho. "Siombi."

Mwalimu akamfukuza mpaka aombe. Kasiva hakuomba. Hakurudi shule tena, wasikilizaji, hakurudi kabisa. Baadaye ndipo Mwalimu akasikia kwamba kisima chao cha mchangani mtoni kilikuwa kimekauka. Maji kidogo yaliyokuwa nyumbani yalikuwa ya nyanya yake mgonjwa.

Majuto ni mjukuu. Bintiye, Mutindi, ametuambia: "Mama alikuwa anaomba na hiyo jina ya Kasiva kila siku. Alikuwa anasema, mimi ndiye nilifungia mtoto wa watu masomo."

Mwaka jana, Jumamosi moja, Mwalimu alimpata. Kasiva, sasa mama wa watoto watatu, anauza machungwa Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Mwalimu akamwomba msamaha huku machozi yakimtoka. Kasiva akaendelea kupanga machungwa.

"Mwalimu, enda tu. Niko na wateja."

Akaenda. Alikuwa amemlazimisha mara moja, hakutaka kumlazimisha tena. Aliona kumheshimu ni kumwacha. Basi akamwacha, mpaka Jumanne.

Jana Kasiva alipiga simu hapa studio, analia. "Mimi nilimsamehe siku hiyo hiyo. Ni mdomo tu ilikataa. Kila Jumamosi nilikuwa naangalia pale magari inashukisha watu, nasema leo atarudi."



Kwa mumewe, Mzee Mutunga, kwa Mutindi na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, mwalimu au mzazi, yuko mtu aliyekuambia "enda" nawe ukaenda. Mfikirie leo.

Mazishi ni Ijumaa, nyumbani Mbooni. Kasiva amesema atafunga kibanda, aje.