Thelma Wishnick na Wimbo Uliokatazwa

Punguzeni moto jikoni, wasikilizaji wapendwa, msogee karibu. Thelma Wishnick ametutoka. Mtunzi wetu, mkurugenzi wa muziki wa sinagogi yetu hapa Milwaukee kwa miaka thelathini na mmoja, alifariki Jumanne akiwa na miaka themanini na minne.

Alikuwa binti wa fundi viatu. Kinanda alijifunzia kwa jirani, maana kwao hakikuwepo.

Mwaka 1962 alitunga wimbo mpya wa sala ya Ijumaa. Bwana Gimpel, mwimbishaji mkuu, akaitupia jicho karatasi.

"Siimbi wimbo wa mwanamke. Bibi wewe, rudi ukapike supu!"

"Supu nitapika," Thelma akajibu. "Na wimbo wangu utaivia humo humo."

Kamati ikasimama na Gimpel. Ikamwambia Thelma: wimbo huo ukisikika humu, kazi huna.

Basi akapika, wasikilizaji wapendwa. Wiki tisa. Kila jioni watu sita mezani kwake, supu ya kuku, na wimbo. Hupewi bakuli la pili mpaka umeimba beti zote. Mimi nilikula mabakuli matatu.

Ijumaa ikafika. Gimpel akaanza wimbo wa zamani. Thelma alikaa kwenye kinanda bila kukigusa, mikono mapajani. Tukaimba wa Thelma. Sinagogi nzima! Nilikuwa benchi la saba, mbao zilitetemeka.

Mwenyekiti wa kamati akasimama. "Nani kaanzisha?"

Bibi Pesha Lubin, mwenye duka la vitambaa na mwokaji wa keki zetu za Jumapili, akanyanyuka na mkongojo wake. "Mimi! Nifukuze basi, tuone Jumapili utakula keki za nani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akakaa. Gimpel akafunga kitabu, akatoka. Thelma hakufukuzwa.

Baada ya wiki mbili Gimpel alirudi. Akauimba wimbo wa Thelma. "Vibaya," Thelma alikuwa akisema, "lakini aliuimba."

Kwa binti yake Dvora na familia yote: poleni sana. Wamo katika siku zao saba za matanga. Mlango uko wazi, nendeni na chakula. Nawe unayenisikiliza, jiulize: nyumbani kwako, ni nani umemnyamazisha?

Asubuhi hii Dvora aliniambia, "Mama aliacha agizo moja tu. Alisema, 'Atakayenililia kwa kunong'ona, mtoeni nje.'"