Watoto wa Kenya na Watoto wa Malukhu

Mwaka ule vita vilikuwa vimehamia Teso, na Malukhu, mtaa wa mji wa Mbale, Uganda, ulianza kupaka kuta chokaa tena. Benchi la kahawa lilijaa tangu asubuhi, nalo kama kawaida lilijua kila kitu. Fadhul, fundi cherehani, alikaa pembeni na kikombe kilichopoa. Binti yake mchanga, Shifa, alizaliwa na kichwa kilichozidi kujaa maji, na mkewe Madina alitaka wampeleke Nairobi leo hii akapasuliwe. Fadhul aliogopa vizuizi vya barabarani, na kisu alikiogopa zaidi. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia abaki.

Bogere, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa redio yake hakuiacha hata chooni, akampa alichotaka.

— Jana nasikia na masikio yangu. Wamelinganisha nchi. Watoto wanazaliwa na kasoro, wanakufa mapema: Kenya iko na wengi kutupita.

— Kenya? Fadhul akauliza.

— Kenya. Sasa wewe unapeleka mutoto kule kufanya nini?

Adrisi, Mnubi aliyekuwa jeshini enzi zile, ambaye bado walimwita Afande, akapiga funda na kutoa sababu.

— Ni chai. Mukenya anakunywa chai ya maziwa mingi. Mimba inalainika.

— Na Wazungu, Afande? Bogere akauliza. Redio inasema nao wanakufa.

— Ile ni lifti. Mama anapanda juu haraka, mutoto hajajipanga.

— Na sisi? Fadhul akauliza.

— Sisi tumekimbia risasi. Mimba ikikimbizwa inakomaa. Mutoto wa hapa anatoka tayari kama kuruta.

Fadhul akacheka. Alijisikia nafuu, na aibu kidogo.

Ndipo Madina akafika, mtoto mgongoni, begi mkononi.

— Baba Shifa, basi iko stendi. Tunaenda?

— Mama Shifa, Bogere akadakia, Kenya watoto wanakufa sana. Hapa iko nafuu.

— Bwana Bogere, hapa Malukhu wewe umezika watoto wachanga wangapi?

— Mimi? Hata mumoja.

— Na wewe, Afande?

— Hakuna.

Ilikuwa kweli. Wakati wa vita, wanaume wakikusanyika hata makaburini, askari walikuja kuwazoa. Basi mtoto mchanga akifa, wanawake walimzika wenyewe alfajiri, nyuma ya migomba, bila kumwita mtu. Vita vikaondoka Mbale, desturi ikabaki.

— Basi hao tunaozika sisi, Madina akauliza, nani aliambia redio?

Fadhul akakumbuka alfajiri ambazo Madina alitoka na jembe, akarudi, akanawa mikono, naye hakuuliza chochote.

Akasimama, akachukua begi.

— Mimi bado naogopa, akasema.

— Hata mimi. Twende.