Fundi wa Rangi na Majirani Zake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Sixbert Mapunda anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusahihisha rangi za picha hapa Maabara ya Picha Lizombe, Bombambili. Wasifu wake nilishauandika. Nimeuchana Jumatatu, na mshtuko bado haujanitoka.

Alianza na filamu mwaka 1993, akahamia kamera za dijitali, na hakuna picha iliyochapwa bila maswali yake. Kanga ya mama huyu ni rangi gani? Tai ya bwana harusi je? Aliwauliza wafanyakazi wenzake, Muhsini na Hilda, akanifuata na mimi Benigna mapokezi. Tulidhani anatupima. Tulijibu kama wanafunzi, na aliyekosea alitaniwa hadi jioni.

Mara moja tu alichapa peke yake, siku tuliyokwenda wote msibani Nakapanya. Bibi harusi wa watu akatoka na uso wa kijani kama kisamvu. Mzee alilaumu wino, nasi tukaulaani pamoja naye. Picha zote alizirudia tuliporudi.

Jumatatu, akimkabidhi Hilda kazi, alitueleza kamera inavyopata rangi. Kumbe kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga hakijui rangi hata moja. Kina mamilioni ya vitone, na kila kitone kimefunikwa kwa kichujio kidogo, ama chekundu, ama cha bluu, ama cha kijani, na vya kijani ndivyo vingi zaidi. Kwa hiyo kila kitone kinajua rangi moja tu. Zile mbili zilizobaki kamera huzikadiria kwa kuangalia vitone jirani vinasema nini.

Kisha akasema taratibu, "Na mimi ndivyo nilivyo. Nyekundu na kijani sizitofautishi tangu kuzaliwa. Niliogopa mkijua nitaondolewa kazini, nikawafanya ninyi majirani zangu."

Hilda alikaa chini. Mimi nilishika mdomo. Fundi wa rangi anayetegemewa na Songea nzima! Nimeumia pia, kwamba hofu hiyo aliibeba peke yake huku sisi tukichekana nani kakosea kanga.

Asante, Mzee wetu, kwa kuyaamini macho yetu. Nenda Hanga ukalime kwa amani, hakuna tena cha kuficha. Shati la kijani tulilokununulia tumelirudisha dukani. Utakalovalishwa siku ya sherehe ni la bluu, utaliona mwenyewe bila kumuuliza mtu.